Makala ya filamu, vitabu na maisha ya siku hizi: nifanyeje isigeuke muhtasari?

Wino Mbichi (mwenye mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba msaada kwa wanaoijua kazi hii. Naandika makala za utamaduni: filamu, vitabu, na mambo ya maisha ya siku hizi. Sizungumzii habari za mastaa, wala zile za "naipa nyota nne kati ya tano". Nataka insha yenyewe, ambapo mtu anakaa na jambo na kulifikiri mpaka msomaji naye aanze kulifikiri. Shida ni kwamba kila rasimu ikifika katikati inageuka muhtasari: fulani kasafiri, fulani kateswa, fulani kafa, mwisho fundisho. Ile ya maisha ya kisasa ndiyo mbaya zaidi, inageuka hotuba.

Maswali yangu:

1. Filamu itazamwe mara ngapi, na niandike nini wakati natazama?
2. Katika makala ya maneno 1,200 hivi, muhtasari uchukue nafasi kiasi gani?
3. Riwaya na filamu iliyotokana nayo vinalinganishwaje bila kuishia kwenye "kitabu ni kizuri zaidi"?
4. Makala ya maisha ya kisasa inaanzia wapi, kama hakuna kitabu wala filamu ya kushika?

Vilivyo mezani kwa sasa ni filamu ya mwongozaji wa Senegal, Ousmane Sembène, "La Noire de…" (Diouana, msichana wa Dakar, anakwenda Antibes, Ufaransa, kuwatumikia Bwana na Bibi wa kizungu, na anafia huko), na rasimu kuhusu vijembe vya status za WhatsApp. Nawasilisha.

---

Mhariri wa Jioni

Mkuu, tatizo lako linaanzia kwenye neno lenyewe. Ukisema "insha", kichwa kinarudi darasani: utangulizi, kiini, hitimisho, na sentensi ya kwanza "Katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia…". Neno lilitujia kutoka Kiarabu, na huko lina maana ya kuunda, kuanzisha kitu. Wafaransa wao waliliita jaribio. Mwandishi wao Montaigne, baba wa insha, alipotoa vitabu vyake viwili vya kwanza mwaka 1580 alichagua jina hilo kwa makusudi. Mwaka 1588 akatoa tena, na cha tatu juu yake, kisha akaendelea kuandika pembezoni mwa nakala yake mpaka alipofariki 1592. Mtu anayejaribu hajui jibu kabla hajaanza. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hiki: kama hitimisho lako unalijua kabla ya aya ya kwanza, unachoandika ni hotuba, hata kama kina filamu ndani yake.

Sasa kazi ya mikono.

Itazame filamu mara tatu, na kila mara iwe na kazi yake. Mara ya kwanza usishike kalamu, usisimamishe, na simu iwe chumba kingine. Ikiisha, kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote, andika mistari kumi ya ulichobaki nacho. Mara nyingi kinachobaki si kisa. Kinabaki kitu kidogo: mkono, ukuta, mlango uliogongwa. Tunza mistari hiyo kumi, maana makala yako imelala humo.

Mara ya pili fungua daftari la safu tatu. Ya kwanza dakika, ya pili kinachoonekana au kusikika, ya tatu swali. Safu ya pili ina sharti moja gumu: usiandike hukumu. "Bibi ni katili" hairuhusiwi. "Bibi anampa Diouana aproni aivae juu ya gauni lake la kutokea", hiyo ndiyo safu ya pili. "Kwa nini Diouana amevaa gauni la kutokea na viatu virefu kwa kazi ya jikoni?" inakwenda safu ya tatu. Kwa filamu ya saa moja kama hiyo, kurasa nne za daftari zinatosha. Zikifika kumi na tano ujue umeanza kunakili kisa.

Mara ya tatu tazama vipande utakavyovitaja tu, kwa ajili ya kuhakiki. Usiiruke hatua hii hata ukiwa na haraka. Kumbukumbu inabadili mambo: inamsogeza mtu karibu na dirisha, inabadilisha nani alianza kusema, inapanga matukio upya. Msomaji aliyeiona filamu akikukuta umekosea mahali mtu aliposimama, hatakuamini tena ukimweleza maana yake.

Muhtasari usizidi sehemu moja ya nane. Katika maneno 1,200 hiyo ni 150, na usiimwage mahali pamoja. Toa 60 mapema ili asiyeiona asipotee, zilizobaki zigawe kila unapohitaji daraja. Ukitaka kujua kama sentensi ni muhtasari, jiulize: je, mtu ambaye hajaiona filamu angeweza kuiandika kwa kusoma nyuma ya kasha lake? Kama ndiyo, ihesabu ndani ya zile 150.

Halafu hesabu vitu. Chinua Achebe, Februari 1975, alitoa mhadhara kule Amherst, Marekani, juu ya "Heart of Darkness", riwaya ya Joseph Conrad ya mto Kongo. Ukali wa mhadhara ule unajulikana, lakini uimara wake uko kwenye kuhesabu. Achebe alipitia kitabu kizima akiangalia ni wapi Waafrika wanapewa maneno ya kutamka, akapata mahali pawili. Mahali pamoja ni walaji watu wakiomba wapewe mtu wa kula, mahali pa pili ni kijana anayetangaza kifo cha mzungu. Ukishaonyeshwa hilo, huwezi kukisoma kitabu kile kama zamani, upende usipende hukumu yake kwamba Conrad alikuwa mbaguzi wa rangi. Na hukumu yenyewe baadaye aliipunguza makali kwa kubadili neno moja tu, lile lililofanana na tusi, alipoiweka katika kitabu chake cha insha cha 1988. Hesabu ya mahali pawili hakuigusa.

---

Kibanda Umiza

Nakubaliana na Mhariri kwa sehemu kubwa. Niongeze upande wa filamu, maana waandishi wetu wengi wanaandika filamu kama wanaandika riwaya: wahusika, dhamira, ujumbe. Kamera haipo na sauti haipo.

Sauti kwanza. Katika "La Noire de…" Diouana anaongea sana, lakini sikiliza anaongea wapi. Mbele ya Bwana na Bibi ni "Oui, Madame", "Oui, Monsieur" (ndiyo Bibi, ndiyo Bwana), karibu basi. Maneno marefu yote yako kichwani mwake, tunayasikia juu ya picha, tena kwa Kifaransa fasaha. Isitoshe, sauti hiyo si ya mwigizaji tunayemwona. Mbissine Thérèse Diop ndiye mwenye uso, na sauti ni ya Toto Bissainthe, mwanamke wa Haiti. Hapo una makala nzima kabla hujagusa neno "ukoloni": mtumishi wa Dakar anafikiri kwa lugha ya waajiri wake, kwa koo la mtu wa ng'ambo nyingine ya Atlantiki. Je, ni udhaifu wa filamu au ndiyo maana yake? Usikimbilie kujibu. Weka ushahidi wa pande zote mbili kwanza.

Angalia pia unachosoma chini ya picha. Nakala nyingi zina manukuu ya Kiingereza. Ukiyageuza Kiswahili, umeshika maneno ya mkono wa tatu. Kama Kifaransa hukijui, usinukuu sentensi ndefu, eleza kwa maneno yako. Vifupi vinavyosikika wazi, kama hiyo "Oui, Madame", vinukuu vilevile vilivyo.

La pili ni toleo. Taja kila mara umetazama toleo gani. Hapa kwetu ni lazima zaidi kuliko kwingine, kwa sababu watu wengi filamu za nje wamezijua kupitia DJ anayetafsiri juu yake. Filamu iliyotafsiriwa na DJ ni kazi nyingine. Ina utani mpya, majina mapya ya wahusika, maelezo ya vitu ambavyo mwongozaji aliviacha kimya. Mimi naiona inastahili makala yake yenyewe: chukua dakika kumi za toleo la asili na dakika zilezile za DJ, ziandike sambamba, kisha uone ni kimya gani alichokijaza na kwa maneno gani. Lakini usilaumu au kusifu mwongozaji kwa maneno ya DJ. Kosa hilo linajitokeza mara kwa mara.

Kuhusu istilahi, huna haja ya kamusi ya chuo. "Kamera inamsogelea mpaka uso unajaa picha." "Picha inakatwa ghafla, tunarudi Dakar." "Kamera haitikisiki, watu ndio wanaoingia na kutoka." Msomaji yeyote anaelewa, na sentensi inabaki na macho.

Pale nisipokubaliana na watu wengi ni kwenye "mimi". Wahariri kadhaa wanaikataza kabisa, wanataka "mtazamaji anaona". Kwa uhakiki wa kitaaluma sawa. Kwa insha, hapana. James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, kitabu chake cha 1976 kuhusu filamu za Marekani anakifungua na mgongo. Ni mgongo wa mwigizaji Joan Crawford alivyouona yeye akiwa na miaka kama saba. Hajasema filamu inahusu nini, ameanza na mgongo ulionyooka na jicho la mtoto. Ukiiondoa "mimi" hapo, kitabu hakifunguki.

---

Mhariri wa Jioni

Kibanda, "mimi" siikatazi. Ninayoikata ni ile ya kupoteza nafasi: "Nakumbuka siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha nilipoketi kuitazama filamu hii". "Mimi" ya Baldwin inafanya kazi, kwa sababu mtoto mweusi wa Harlem anautazama mgongo wa mwanamke mweupe, na umbali kati yao ndio mada. Kanuni niitumiayo ni nyepesi: iondoe "mimi", usome tena. Hoja ikibaki ileile, haikuhitajika. Hoja ikianguka, irudishe.

---

Mla Vitabu

Nijibu swali la tatu. Mfano tulio nao karibu ni "Vuta N'kuvute": riwaya ya Adam Shafi ya 1999, na filamu ya Amil Shivji iliyotoka 2021. Zote ziko Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza, na katikati yupo Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, akatoroka, akaangukia kwa Denge na siasa zake.

Chukua karatasi, igawe sehemu nne: kilichoachwa, kilichoongezwa, kilichohamishwa, kilichobadilishwa. Soma riwaya ukiwa na penseli, tazama filamu, jaza. Safu ya "kilichoachwa" itajaa haraka kuliko zote, na hapo ndipo watu wanapopotelea. Riwaya ya kurasa zaidi ya 200 haiingii katika saa moja na nusu, kwa hiyo kuachwa peke yake si hoja. Orodha ya vilivyoachwa iweke pembeni. Nenda kwenye kilichohamishwa na kilichobadilishwa, maana hapo mtu alikaa akaamua. Chagua kimoja, kimoja tu, ukiulize kwa nini.

Mahali pazuri pa kuanzia ni namna mawazo yanavyobebwa. Msimulizi wa riwaya anaweza kuingia kichwani mwa Yasmin akatuambia anaogopa nini. Filamu haina ruhusa hiyo, labda iweke sauti juu ya picha kama Sembène. Lazima hofu iende mahali: usoni, kwenye nguo, kwenye mwanga wa chumba, kwenye wimbo wa taarabu unaopigwa nyuma. Tafuta ukurasa mmoja wa mawazo matupu, kisha uutafute katika filamu. Umekwenda wapi? Ukilipata jibu, linganisho lako limeshapita mashindano ya kipi kizuri.

Kuhusu nukuu. Kwa maneno 1,200 weka mbili, zikizidi tatu, na kila moja isipite maneno 40. Nukuu ndefu inamfanya msomaji aende na mwandishi mwingine akuache. Kila nukuu iwe na ukurasa na toleo, kwa sababu kurasa za chapa mbili hazilingani. Nakili herufi kwa herufi: kama kitabu kimeandika "N'kuvute" na kibainishi chake, usikiondoe. Baada ya nukuu, sentensi yako ya kwanza iguse neno mojawapo lililomo ndani yake. Ukinukuu halafu ukaanza "Hivyo basi tunaona kwamba…", ile nukuu imekufa bila kazi.

Sheria inaruhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki ukimtaja mwenye kazi, iwe Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 au ile ya Kenya ya 2001. Ruhusa hiyo ni ya kipande kinachohitajika kwa hoja, si sura nzima. Picha za matangazo ya filamu ni bora kuomba kwa barua pepe, na jibu ulihifadhi.

Jambo la mwisho kwangu: usisome uhakiki wa wengine kabla rasimu ya kwanza haijakamilika. Ukimaliza, soma miwili au mitatu. Kama hoja yako imeshasemwa, usiitupe, tafuta hatua inayofuata baada yake.

---

Bint Mrima

Kaka Wino, hiyo ya status ndiyo nimeifuata mimi. Makala za maisha ya kisasa zinakufa kwa ugonjwa mmoja: zinaanza na neno kubwa. "Utandawazi", "kizazi cha sasa", "mmomonyoko wa maadili". Neno kubwa halina mahali pa kushika. Anza na kitu kinachoshikika, na kwa vijembe kitu hicho tunacho Pwani zaidi ya miaka mia: kanga.

Tandaza moja mezani uitazame kweli. Ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Pembeni pote inazungukwa na pindo. Katikati ni mji. Chini ya mji, karibu na pindo la upande mrefu, kuna kisanduku chembamba chenye maneno kwa herufi kubwa: hilo ndilo jina. Zamani yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Inauzwa doti, vipande viwili vilivyoungana vyenye jina lilelile. Unakata, unapinda, kimoja kiunoni na kingine kichwani au mabegani.

Sasa ifunge kiunoni uone jina linaangukia wapi. Linaangukia nyuma. Aliyevaa hawezi kulisoma, anayelisoma ni aliye nyuma yake. Mwanamke anapita barazani kwa wifi yake, hajasema neno, keshapita, na nyuma pameandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Wifi akigombana, jibu liko tayari: nimevaa nguo, sikukuandikia wewe. Nguo ni ya dukani, wamenunua mamia. Kila mtu anaona, ila aliyekusudiwa ndiye anayeelewa.

Halafu chukua status uitazame kwa jicho lilelile, kama chombo. Inadumu saa 24 halafu inaondoka. Inakuonyesha nani ametazama, isipokuwa aliyezima alama za kusoma. Na ina mpangilio ambao kanga haijawahi kuwa nao: unaweza kuchagua nani aione na nani asiione. Maana yake mtu anaweza kuweka kijembe kinachoonwa na mtu mmoja tu, na huyo mmoja akadhani dunia nzima inakisoma. Kanga inaonwa na wote, inaeleweka na mmoja. Status inaweza kuonwa na mmoja, naye akahisi ameumbuliwa mbele ya wote. Hapo ndipo makala yako ilipo, na hujahitaji neno "utandawazi" hata mara moja.

Namna ya kukusanya: wiki mbili, mistari 20 mpaka 30. Andika maneno kama yalivyo, na tahajia yake. Mtu akiandika "cjui" usimsahihishe, maana ufupi ule ni sehemu ya kitu chenyewe. Andika rangi ya nyuma, kama kuna wimbo, kama kuna picha, na saa iliyowekwa. Upande wa kanga nenda dukani au kabatini kwa mama na shangazi, nakili majina 20. "Wastara hazumbuki", "Japo sipati tamaa sikati", "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Uliza pia nani alimpa nani na lini, kwa sababu jina lilelile likitoka kwa mume ni jambo moja, likitoka kwa mke mwenza ni jambo jingine.

Ukishavipanga vyote utaona makundi yanajitokeza yenyewe: vya mapenzi, vya jirani, vya kumshukuru Mungu huku mtu anarushiwa jiwe. Kundi hilo la mwisho ndilo tajiri kuliko yote, kwenye kanga na kwenye simu. Kaa nalo. "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu" ni dua, na ni kijembe pia, inategemea nani kakaa nyuma.

Na adabu ya kazi: status za watu si mali yako. Usipige picha ya skrini ukaichapisha. Omba ruhusa, au eleza aina ya maneno bila kumtambulisha mtu. Mji mdogo unamjua mwenye maneno hata ukificha jina lake, kwa hiyo badilisha pia saa na tukio.

Usimalizie na "jamii inapaswa kubadilika". Malizia na nguo au na simu.

---

Wino Mbichi

Asanteni sana, wakuu, na dada Bint Mrima. Hiyo ya jina kuangukia nyuma imenifungua macho. Nimefuata daftari la safu tatu kwa "La Noire de…", nikachagua kinyago. Hii ni aya ya kwanza. Ikateni bila huruma:

"Katika filamu hii ya kusisimua ya mwaka 1966, Sembène anatuonyesha jinsi ukoloni mamboleo unavyomnyanyasa Mwafrika. Kinyago ni ishara muhimu ya utamaduni wa Kiafrika. Diouana anakitoa kama zawadi lakini wazungu hawakithamini. Mwishoni kinyago kinarudi nyumbani, jambo linaloonyesha kwamba utamaduni wetu hauwezi kufa."

---

Mhariri wa Jioni

Umechagua kitu sahihi. Tatizo ni kwamba safu ya pili ya daftari haikuingia kwenye aya. Nipite sentensi moja moja.

"Ya kusisimua" ondoa. Kama inasisimua, aya ndiyo itakayoonyesha.

"Anatuonyesha jinsi…" ni hitimisho lililotangulia ushahidi. Msomaji akishaambiwa ukoloni mamboleo, hana tena cha kutafuta katika sentensi zinazofuata.

"Kinyago ni ishara muhimu" ni kauli inayoweza kukaa katika makala ya filamu yoyote yenye kinyago. Usiseme ni ishara. Sema kiko wapi, nani kakishika.

"Hawakithamini", hapa umekosea jambo lenyewe. Wanakithamini. Wamekitundika. Swali gumu zaidi ni wanakithamini kama nini, na umelifunga kwa neno moja.

"Kinarudi nyumbani": nani amekibeba? Hakikurudi chenyewe. Mwajiri ndiye aliyekibeba, na umemficha.

"Utamaduni wetu hauwezi kufa" ni fundisho, na picha ya mwisho ya filamu haikusema hivyo. Picha ya mwisho ni uso wa mtoto akiwa amekiondoa kinyago.

Jaribu hivi, kwa mambo yaliyomo daftarini mwako tu:

"Dakar, kinyago kinawekwa pamoja na vinyago vingine vya wenye nyumba. Antibes kinatundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe, bila jirani. Diouana ndiye aliyewapa, kwa mkono wake, siku za mwanzo za kazi. Sasa anakitoa ukutani, Bibi anakishika, na wanawake wawili wanavutana juu ya zawadi. Kitu kikishatolewa ni cha nani? Bwana anakipeleka Dakar pamoja na sanduku la marehemu na fedha zake. Mama anakataa fedha. Kinyago hakuna anayekikataa: mtoto anakivaa, anamfuata Bwana nyuma, na Bwana anaongeza mwendo."

Maneno yamekuwa mengi kuliko yako, lakini hakuna sifa hata moja, na swali liko katikati ya aya badala ya jibu mwishoni. Sasa rudi kwenye mara ya tatu: angalia Bwana anageuka nyuma mara ngapi kabla hajafika kwenye gari. Iandike namba hiyo, halafu lete aya ya pili.

---

Kibanda Umiza

Na ukirudi hapo, zima picha usikilize tu. Andika kinachosikika mtoto anapomfuata, kuanzia mlangoni mpaka garini.